Lori la Taka na Kibanda cha Mama Vifungo

Mama Vifungo alikuwa amepiga magoti kibandani mwake, pini mdomoni, akikunja pindo la sketi aliyoivaa jirani yake. Jirani huyo ni mwanasheria wa halmashauri ya mji. Nje, rundo la taka lilinuka vibaya. Wateja walipita wameziba pua.

Mumewe akaingia anahema. Yeye ni diwani. Watu humwita Leo-Leo, maana kwake kesho ni mbali mno.

"Mke wangu, tumepata lori la taka! Tutalipa kwa awamu, miaka kumi na miwili. Leo hii natia saini."

"Lori lenyewe litadumu miaka mingapi?" mwanasheria akauliza.

"Muuzaji anasema minane. Tukilitunza."

Mama Vifungo akatoa pini mdomoni. "Na mkishindwa kulipa?"

Leo-Leo akakuna kichwa. "Dhamana ni soko. Lakini hatutashindwa."

Mama Vifungo akashtuka. Kibanda chake kilikuwa ndani ya soko hilo. Humo ndimo alimopatia ada za watoto wote.

"Shemeji, haraka haraka haina baraka," mwanasheria akasema. Hakuthubutu kusogea, pini zilikuwa zimemzunguka. "Sheria yetu inakataza. Deni lisizidi umri wa kitu tunachonunua. Dhamana iwe lori lenyewe, si mali nyingine ya umma. Na huwezi kutia saini peke yako. Wananchi watangaziwe, madiwani wapige kura hadharani, kisha wizara iidhinishe."

"Mlolongo wote huo! Taka si zitatuzika?"

"Baba watoto, umeisahau cherehani yangu ya kwanza?"

Hakuisahau. Waliinunua kwa awamu, ikafa, deni likabaki hai. Kila mwezi Leo-Leo ndiye aliyepeleka malipo, amenuna, na chuma chenyewe kimekaa pembeni kama mgeni asiyeaga.

Akavuta kigoda, akaketi. "Haya, nielekezeni."

Mkutano ukaitishwa sokoni. Mama Vifungo akasimama.

"Mheshimiwa diwani," akamwambia mumewe, na watu wakaangua kicheko, "lori likifa kabla ya deni?"

"Deni litakwisha kwanza. Tumekubaliana na muuzaji miaka sita. Tukishindwa, atachukua lori lake. Soko haliguswi!"

Watu wakapiga makofi. Madiwani wakanyoosha mikono, wote wakakubali. Baadaye wizara nayo ikaidhinisha.

Lori lilikawia, lakini lilifika. Siku rundo lilipoondolewa, Mama Vifungo alifungua dirisha la kibanda, akavuta pumzi, akafurahi kama bibi harusi. Wateja wakarudi.

Jioni Leo-Leo akaja na suruali iliyochanika.

"Unaitaka leo leo?" mkewe akamtania.

Leo-Leo akaitundika suruali kwenye msumari, taratibu.

"Hata kesho," akasema. "Kibanda si kipo?"