Vidole vya Dobi

Jumatatu, saa sita kasorobo, dobi alirudi kutoka hotelini alikopeleka mashuka, akachomoa simu yake kwenye chaji, akafungua sehemu ya akiba, akaona sifuri.

Akaifunga. Akaifungua tena. Sifuri ilikuwa palepale, duara lake limetulia kama limezaliwa humo.

Yowe alilopiga liliwatoa watu wa duka la vioo upande wa pili wa barabara. Kabla hawajafika mlangoni, dobi alikuwa ameshamkaba fulana mdogo wake, kijana aliyempigia pasi hapo dukani na ambaye wote walimwita Bando kwa sababu hakuwahi kuonekana bila intaneti.

"Wewe ndiye uliyeniwekea hii kitu! Umeipeleka wapi hela yangu?"

"Dada, nipe simu niangalie..."

"Usiiguse! Ondoka! Pasi iache hapohapo!"

Bando aliondoka na fulana ya ndani, shati lake likiwa bado kwenye meza ya pasi.

Saa nane mchana Inspekta alisimama katikati ya mashati yaliyoning'inia, akikwepa mikono mitupu iliyompapasa usoni. Alikuwa amepangiwa kitengo cha makosa ya mitandao miezi minne tu nyuma, tena si kwa sababu alijua simu kuliko wenzake. Wenzake walikimbia, yeye akachelewa. Akiba yake mwenyewe ilikaa ndani ya kopo la maziwa, nyuma ya nguo za baridi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja uliomfaa kazini: jambo asilolielewa lilimwasha mwili mzima mpaka aulize.

"Hela ilikuwa ya nini?" aliuliza.

"Mashine ya kufulia, afande. Ya mtumba, lakini nzima. Muuzaji kaniwekea mpaka Ijumaa saa nne asubuhi. Ikipita hapo anampa mwingine, kaniambia usoni." Dobi aliinyoosha mikono yake. "Tazama. Nikifua mwaka mwingine hivi, nitakuwa sina cha kufulia."

Inspekta alitazama. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka kwenye viungo, na ncha za vidole zilikuwa nyeupe na laini kama mgongo wa kijiko. Dawa ya kung'arishia mashuka ilikuwa imelamba kila mstari.

"Kwa nini hukuweka nyumbani?"

"Nyumbani! Godoro langu linajulikana na ukoo mzima. Kila aliyeishiwa anajua pa kuinua. Kwenye simu nilikuwa naweka kidogo kidogo, miaka mitatu, na hakuna aliyeniambia 'nikopeshe, nimeona unazo'. Tena inaongezeka yenyewe kila mwezi. Nilikuwa nalala usingizi."

"Nani anajua namba ya siri?"

"Mimi. Na Bando, ndiye aliyenifundisha." Akasita. "Na mume wangu. Kwa dharura."

"Hiyo si siri tena, hilo ni tangazo."

Kwenye benchi, mama mkwe wa dobi alicheka peke yake. Alikuwa mama wa makamo ya juu, miwani imefungwa uzi shingoni, miguu yake mibovu imenyooshwa kwenye kigoda. Alikunja taulo bila kuzitazama. Simu ililia, akainyakua mezani, akasikiliza ujumbe wa sauti wa mteja, akapaza sauti, "Suti mbili, Jumatano!" kisha akamgeukia Inspekta.

"Mwanangu, hivi pesa ikiwa ndani ya simu, usiku inalala wapi?"

"Mama, hata mimi ningependa kujua," Inspekta alijibu, na alimaanisha.

Kabla ya kutoka aliichukua ile simu, akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye kioo palikuwa na alama ya mafuta. Akainusa. Duka zima lilinuka sabuni, simu ilinuka dawa ya kuchua, ile kali inayoingia mpaka machoni.

"Nani hapa anajichua?"

"Magoti ya Mama," dobi alisema. "Mume wangu anamchua kila asubuhi kabla hajaenda kuendesha teksi."

Inspekta akaandika hilo, akalipigia mstari.

*

Benki yenyewe haikuwa na mlango, wala kaunta, wala mlinzi wa kumkunjia uso. Ilikuwa sauti tu. Jumanne asubuhi Inspekta alisikilizishwa muziki mpaka sikio likapata joto, na sauti ilipokuja ilikuwa na adabu zote isipokuwa haraka. Maelezo kamili yangehitaji barua ya mahakama, na yangechukua siku saba za kazi.

"Ijumaa si siku saba," Inspekta alisema.

"Naelewa hisia zako, mteja wetu."

"Mimi si mteja wenu. Niambie basi unachoweza kuniambia."

Vikatoka vitu viwili. Kwanza, Jumatatu kabla dobi hajarudi akaunti ilifunguliwa mara mbili: saa nne na dakika tano kwa alama ya kidole, na saa nne na dakika arobaini kwa namba ya siri. Pesa iliondoka ile mara ya kwanza. Pili, pesa haikutoka nje. Ilihamia ndani ya benki hiyohiyo.

Inspekta alikaa na kalamu mdomoni. Mtu aliyeshachukua anarudi baada ya nusu saa kufanya nini? Na kwa nini abadili njia ya kuingilia? Hapo walikuwa wawili, na wa pili alikuta sahani imeshafutwa.

Alimpelekea dobi habari ya kidole. Dobi akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Kidole? Afande, simu hii haivitaki vidole vyangu. Tazama." Akafuta mkono, akabonyeza. Simu ikatetemeka kwa kukataa. Akajaribu gumba, cha shahada, vya mkono wa kushoto. Ikakataa vyote. "Naingia kwa namba miaka yote. Mimi kwa simu hii sina vidole."

"Jana saa nne simu ilikuwa wapi?"

"Hapa, kwenye chaji. Kila Jumatatu asubuhi naiacha napeleka mashuka. Bando alikuwepo, na Mama."

"Na mumeo?"

"Alikuwa barabarani."

*

Jumatano saa tatu asubuhi Inspekta alimkuta Bando kibarazani kwa rafiki yake, macho mekundu.

"Una akaunti benki ileile?"

"Ninayo. Ina nauli ya kwenda na kurudi. Kagua." Akamsukumia simu. Ilikuwa kweli, hata ya kurudi ilikuwa na mashaka.

"Viatu hivyo vipya?"

"Mkopo! Dada angeniachia ile simu dakika moja, dakika moja tu, ningemwambia hela imeingia wapi. Sasa kaniita mwizi mbele ya watu wa vioo. Nikipita wanashika mifuko."

"Nieleze mimi, basi. Hela 'imehamia ndani ya benki hiyohiyo'. Maana yake nini?"

Bando alijikuna. "Imeingia akaunti ya mtu mwingine. Au imeingia mfuko wa kufuli."

"Mfuko gani?"

"Unachukua hela yako mwenyewe unaifungia mpaka tarehe unayotaka. Hata ukilia, haitoki. Tena haionekani ukurasa wa mbele, lazima usukume pembeni. Nilimweleza dada siku moja hapo dukani, akasinzia."

Inspekta alihisi ule mwasho wake ukianza kwenye kisogo. "Na simu ikishakubali kidole cha mtu, sehemu ya akiba nayo inamkubali?"

"Ukiwasha hivyo, ndiyo. Kwa ile simu niliwasha, nikijua dada ataweka chake. Watu wanafikiri kidole cha simu ni kimoja na cha pesa ni kingine. Ni mlango mmoja, afande."

"Kidole cha nani kiko humo?"

"Hicho sijui. Waliweka wenyewe, mimi sikuwepo."

Jioni ile alimpata mume wa dobi akiosha teksi, gari la mtu mwingine, kama alivyojitambulisha mwenyewe kwa uchungu: "Mwaka wa kumi naendesha mali ya mtu." Alisema hakukanyaga dukani Jumatatu. Vidole vyake vilinuka dawa ya kuchua. Inspekta alimwomba abonyeze simu ya mkewe, aliyoiazima. Jamaa akabonyeza vidole vyote kumi kwa moyo mkunjufu, na simu ikavikataa vyote kumi.

Akapumua. Akapumua mno kwa mtu asiye na lake, Inspekta aliona.

*

Alhamisi saa tano aliirudisha simu dukani. Dobi alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni mpaka viwiko. Simu haijakaa mezani vizuri, ikalia.

"Mama, nisikilizie hiyo oda," dobi alisema bila kugeuka.

Mama mkwe akafuta gumba kwenye nguo, akalibonyeza kwenye kioo. Simu ikafunguka bila kinyongo, na sauti ya mteja ikajaa duka ikilalamikia kola.

Inspekta alisimama mlangoni na mguu mmoja ndani. Kumbe ndivyo! Aliliona hili Jumatatu kwa macho yake mawili na halikumwambia kitu.

"Dobi," alisema taratibu, "kwa nini hukuniambia kwamba simu ina kidole cha Mama?"

"Kidole cha Mama?" Dobi alishangaa kwelikweli. "Hicho si cha pesa, afande. Hicho ni cha kupokelea oda. Vyangu vilikataliwa, nikaweka chake anisaidie mikono yangu ikiwa majini."

Mama mkwe akaweka taulo chini, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa.

"Mwite mwanangu," akasema. "Na huyo kijana wa watu mwiteni pia. Nimechoka kungoja."

Nusu saa baadaye walikuwa wote ndani, Bando mlangoni kama mgeni, mume kaegemea meza ya pasi akichezea funguo za gari.

"Pesa iliondoka saa nne na dakika tano," Inspekta alianza.

"Saa nne na tano?" Mume alidakia, uso umeng'aa. "Basi mimi simo! Mimi nilifika saa nne na nusu imeshapi..."

Funguo zikaacha kulia.

"Uliniambia hukukanyaga hapa," Inspekta alisema.

Mume akazitia mfukoni. Povu lilisikika likipasuka kwenye beseni.

"Ulifika saa nne na nusu. Uliingia kwa namba ya siri uliyopewa kwa dharura, saa nne na dakika arobaini. Ulikuta sifuri. Ukaondoka mdomo umefunga, maana ungepiga kelele ungeulizwa ulifuata nini humo. Siku tatu nzima shemeji yako anaitwa mwizi, na wewe unajua saa uliyoikuta sifuri, wala hukusema."

"Ni kweli?" dobi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Ningeirudisha kabla ya Ijumaa," mume alisema akiitazama sakafu. "Kuna kundi kwenye simu. Unaweka Jumatatu, Alhamisi unavuna mara mbili. Ungepata mashine, mimi ningepata ya kuanzia gari langu. Nilitaka nikwambie ikishakuwa mbili."

"Na leo ni Alhamisi," Inspekta alisema. "Kundi linasemaje?"

Mume aliitazama simu yake. "Limefungwa tangu jana. Hawapokei."

Dobi akakaa juu ya rundo la mashuka machafu. Mama mkwe akavua miwani.

"Jumapili alikuwa anaongea na simu dirishani kwangu," alisema. "'Kesho mke wangu yuko hotelini, simu inabaki.' Nina magoti mabovu, masikio hayana neno. Nikakumbuka Bando alivyoeleza ule mfuko. Wewe, mkwe wangu, ulisinzia. Mimi sikusinzia. Jumatatu Bando alipotoka kuchota maji nikaufunga, na mwanangu akaja kijana hajarudi. Ijumaa, saa mbili asubuhi, ndiyo tarehe niliyochagua. Ile meseji ya benki nikaifuta."

"Mama! Siku nne nimekufa na kufufuka!"

"Nilijua. Iliniuma." Akamgeukia mwanawe. "Ningesema Jumatatu, ningekuwa nimekuumbua mimi. Nikakupa siku nne useme mwenyewe. Kila asubuhi unanichua magoti, nasema leo atasema. Unafunga kopo la dawa, unaondoka."

Mume aligeuka akaishika meza ya pasi. Machozi yalimjia kabla ya maneno.

"Na mimi, Mama?" Bando aliuliza mlangoni. "Siku nne zangu?"

Hapo mama mkwe aliondoa miguu kwenye kigoda. Alinyanyuka kwa taabu, akachukua lile shati lililoachwa kwenye meza ya pasi tangu Jumatatu, akampelekea mpaka mlangoni, akamvisha mwenyewe, kifungo kimoja kimoja.

Dobi alikausha mikono. Akaishika simu, akausukuma ukurasa pembeni kama alivyoelekezwa na mdogo wake. Ilikuwapo yote, na kufuli dogo juu yake.

"Namba naibadilisha leo," alimwambia mumewe. "Na kesho gari utaleta wewe kubeba mashine. Bure."

*

Wiki nyingi baadaye Inspekta alipeleka sare zake. Mashine ilikuwa ikizunguka pembeni ikinguruma kama tumbo lililoshiba. Kesi haikufika mbali. Hakuna aliyeibiwa, na mlalamikaji aliifuta.

"Bando," Inspekta alinong'ona, "nisaidie na mimi kuweka huko. Nusu tu. Nusu ibaki kwenye kopo."

"Namba ya siri utampa nani, afande?"

"Nikimpa mtu, nikamate."

Simu ikalia. Mama mkwe akanyoosha mkono kwa mazoea, lakini dobi aliwahi.

"Ngoja, Mama. Ngojeni muone kitu."

Aliinua gumba lake kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ilikuwa imerudi, myembamba, ikizunguka taratibu kuelekea katikati. Alikwisha kulipeleka kwenye simu usiku uliopita ili ilisajili, hakumwambia mtu. Akabonyeza.

Simu ikafikiri kidogo, ikafunguka.

"Basi mimi nimeachishwa kazi," mama mkwe alisema.

"Chako nimekiacha palepale, Mama," dobi alijibu, na bado alikuwa akilitazama gumba lake.