Kitambaa Chekundu Kwenye Njia ya Mahindi

Siku ya sita ya safari, saa nne asubuhi, Mama Fundi alikuta daraja limevunjika. Lori la mbao lilikuwa limelipasua katikati na kulala humohumo, matairi juu. Dereva wake, mzima bila hata mkwaruzo, alikuwa amekaa kando ya barabara akila mkate kama mtu aliyestaafu.

"Hapa hapapitiki, mama," alisema. "Labda uote mabawa."

"Na njia ile?"

Dereva aligeuza shingo kutazama njia ya vumbi iliyoingia kwenye mahindi. "Ile ya shamba kubwa. Wanasema inazunguka inatokea mbele huko, barabara hiihii. Mimi sijawahi kuipita."

Mama Fundi alishukuru, akageuza baiskeli. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka kumi na miwili, tangu mumewe afariki, alikuwa akiziba pancha na kunyoosha ringi katika kibanda alichoachiwa. Kaka yake mkubwa aliishi mwendo wa siku kumi na moja kutoka kibandani hapo. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa, na sasa macho ya kaka yalikuwa yanafifia. Mama Fundi aliomba Mungu juu ya jambo hilo wiki nzima, kisha akatia mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli aende kumwona. Shemeji yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Utarudi juu ya lori la mbuzi," alimwambia, "umekaa katikati yao kama mwenyekiti."

Kwenye mlango wa shamba kulikuwa na nguzo mbili na kamba iliyolala chini. Kwenye nyasi, pembeni ya kamba, palikuwa na kitambaa chekundu, kirefu, bado kizima. Mama Fundi alikiokota, akakikung'uta vumbi. Nyuma ya baiskeli alibeba ringi ya akiba iliyochomoza nje ya mzigo, na tangu siku ya kwanza alikuwa akitafuta kitu chekundu cha kufunga pale, magari yamwone. Akakifunga. Akamshukuru Mungu kwa kitu kidogo, akaingia.

Mahindi yalisimama pande zote mbili, marefu kumpita mtu aliyenyoosha mkono. Njia ilikuwa imenyooka. Kila baada ya mita mia tano ilikatwa na njia nyingine ya namna ileile, mahindi yaleyale, vumbi lilelile. Alipita njia panda nne, tano. Kwenye ya saba alipunguza mwendo, maana kuna kitu kilikuwa kinampigia moyo kengele na hakujua ni nini.

Akasimama. Akasikiliza.

Hakukuwa na sauti. Hakuna kunguru, hakuna panzi, hakuna hata nzi wa kumsumbua usoni, naye alikuwa ametoka jasho la kutosha nzi wa kijiji kizima. Upepo ulipopita, majani yalisuguana yote kwa pamoja, kisha yakanyamaza yote kwa pamoja. Juu ya majani kulikuwa na utando mweupe, kama unga uliopepetwa.

Alianza kuimba wimbo wa ibada kwa sauti ndogo, lakini koo likakwaruza. Ulimi ulikuwa na uchungu. Akanywa maji, akatikisa chupa. Imebaki nusu. Ya pili ilikuwa imevuja kwenye mfuko wa nguo tangu jana.

Saa sita gurudumu la nyuma likaishiwa upepo. Alisukuma baiskeli mpaka kwenye mfereji wa kumwagilia, akatoa mpira, akaujaza kwa pampu na kuuzamisha majini atafute tundu. Mapovu yalitoka mara moja. Mama Fundi hakuyaangalia. Alikuwa anaangalia maji.

Karai la pancha pale kibandani kwake halikuwahi kulala siku mbili bila kuzaa viluwiluwi vya mbu. Asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuvimwaga. Mfereji huu ulikuwa mpana kama kitanda, maji yametulia, jua linawaka, na ndani yake hapakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Akatazama mbali kidogo. Vyura watatu walikuwa wameelea, matumbo juu, meupe.

Mikono yenye michubuko ya spoku ilianza kuwaka moto. Akaitoa haraka, akaifuta kwenye khanga, na akamwaga juu yake mafunda mawili ya maji yake ya kunywa. Kiu ilikuwa inamsukuma kifuani, na yale maji yalikuwa mengi, karibu kabisa. "Ee Bwana, nishike mkono," alisema. Akageuka upande mwingine akaziba pancha. Kiraka hakikushika vizuri. Juu ya mpira palikuwa na utelezi uliotoka kwenye mfereji ule, akaufuta mara tatu na bado. Alijaza upepo, akapanda, akamaliza maji yake.

Baada ya hapo alipotea. Alipinda kulia mara mbili akifuata jua, akakuta alama za matairi yake mwenyewe vumbini. Macho yalikuwa yanatiririka machozi. Alipoona mapaa ya bati, alitaka kupiga vigelegele.

Ilikuwa kambi ya wafanyakazi, nyumba ishirini kwa safu mbili. Alipiga hodi ya kwanza, hodi ya pili. Kimya. Milango ilikuwa imefungwa na chini yake kumesokomezwa matambara. Alichungulia dirishani: kitanda kimetandikwa, sufuria zimefunikwa kifudifudi, vikombe kifudifudi, kiatu kimoja cha mtoto katikati ya chumba. Banda la kuku lilikuwa wazi, tupu. Bomba la maji lilikuwa limefungwa gunia na kukazwa kwa waya. Mbele ya ghala, ovaroli nyeupe zilining'inia kwenye kamba, kila moja na barakoa yake imevishwa shingoni na buti za mpira zimepangwa chini yake. Zilikuwa kama watu waliopanga foleni halafu wakatoka ndani ya miili yao.

Katikati ya uwanja kipande cha reli kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo, na nondo ya kugongea imelala chini. Kwao, mtu aliyepatwa na shida hugonga chuma mpaka watu watoke. Mama Fundi aliokota nondo akagonga. Aligonga mfululizo, kwa nguvu zote, bila kupumua. Mlio ulikwenda juu ya mahindi mpaka mwisho wa dunia.

Ndipo ovaroli moja ikasogea.

Nondo ilimdondoka. Ovaroli ilisukumwa pembeni na nyuma yake akatoka mzee mwenye barakoa, anachechemea mbiombio, mkono juu.

"Acha! Acha kugonga!"

"Kaka, nimepotea. Naomba maji."

"Umegongaje?"

"Nimegonga tu. Mfululizo."

Yule mzee, mlinzi wa kambi, alishusha barakoa. Uso wake ulikuwa na mikunjo ya shuka. Alikuwa amelala ndani ya ghala, mlango umezibwa. "Mama yangu wee. Tatu-tatu ni ondokeni. Mfululizo ni dawa imekwisha, rudini nyumbani. Umeita watu wote."

"Watu gani?"

"Wa nyumba hizi! Wako ng'ambo ya mfereji mkubwa tangu juzi, na watoto, wamelala kwenye sakafu ya shule. Walikuwa wanausubiri mlio huo kuliko chakula. Saa hizi wameshabeba magodoro. Na ndege ya kunyunyiza dawa inarudi saa tisa kumalizia upande wa njia yao."

Mama Fundi alitazama saa yake. Saa nane na nusu.

"Piga simu."

"Mtandao haushiki hapa hata upande juu ya bati. Kilomita sita, na mguu wangu ndio huu." Aliingia ghalani akatoka na dumu lililofungwa vizuri. "Sukutua, tema. Osha macho. Sasa kunywa. Polepole, dada, hayakimbii." Kisha macho yake yakaangukia nyuma ya baiskeli. "Na hicho umekitoa wapi?"

Mama Fundi alikitazama kitambaa chekundu. Kwenye nguzo za uwanja ule aliona vingine, vimefungwa kila mahali, rangi ileile. "Kilikuwa chini. Nilidhani kimedondoka tu."

"Kilidondoka kwenye kamba, alama ya dawa, usiingie. Na wewe ukakiokota." Mlinzi alitikisa kichwa, akainama kuchukua nondo. "Basi kiinue juu. Wakikiona hicho hawatakuuliza jina. Nyoosha moja kwa moja, usipinde popote. Mimi nagonga tatu-tatu."

Alikanyaga pedeli. Nyuma yake chuma kikaanza: tatu, kimya, tatu. Njia ilikuwa inaogelea machoni, ikipanuka na kusinyaa. Alihesabu njia panda kwa sauti. Kwenye ya nne alisikia kiraka kikiachia, ule mlio wa ssss alioujua kuliko sauti yake, na gurudumu la nyuma likakaa chini.

Maisha yake yote aliwafokea wateja wanaoendesha ringi tupu. Kuna mmoja alimfukuza kibandani kwa spana. Sasa alisimama juu ya pedeli akaendesha ringi tupu, ikipiga mawe, ikipinda, spoku zikikatika moja moja kama nyuzi. "Unisamehe," alisema, na hakujua anamwambia Mungu, marehemu au baiskeli.

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanaimba, wimbo umeufunika mlio wa chuma. Wakatokea kwenye vumbi, wanawake na magodoro kichwani, wanaume na watoto mabegani, kuku wamefungwa miguu. Mbele kabisa alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, na hatua zake zilikuwa za mtu aendaye kulala kitandani kwake.

Mama Fundi alifungua mdomo kupiga kelele. Koo halikutoa kitu. Aliiacha baiskeli ianguke, akang'oa kitambaa, akakinyanyua kwa mikono miwili.

Wimbo ulikatika. Watu wote walisimama kana kwamba kamba imevutwa mbele yao.

"Nani huyu?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Achana na nani," yule mama kijana alisema, ameshageuka. "Huoni kitambaa? Watoto mbele! Tupa godoro, mjomba, tupa, utanunua jingine!"

Mlio ukaja, mwembamba kama wa mbu, kisha ukajaa angani. Walikimbia. Mtu alimshika Mama Fundi kwapani akambeba nusu anatembea nusu anaburutwa, mpaka miguu ikakanyaga zege la daraja la mfereji mkubwa. Walipogeuka, ndege ilikuwa inapita chini sana juu ya njia. Nyuma yake mvua nyembamba ilishuka kutoka mbingu isiyo na wingu, ikatua juu ya magodoro, juu ya baiskeli iliyolala, taratibu, bila sauti. Mama kijana alikuwa anahesabu watoto kwa kidole, akifika mwisho anaanza upya.

Wanawake wale walimwosha kwa sabuni na maji ya kisima, kichwa mpaka miguu, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Aliwaeleza yote: kamba, kitambaa, chuma. Hakuficha. Bibi mmoja alisema, "Basi ulitutia shimoni ukatutoa mwenyewe," akaendelea kumsugua mgongo.

Siku tatu baadaye chuma kilipigwa mfululizo, na safari hii alikipiga mlinzi. Baiskeli ilioshwa, ringi ya akiba ikafungwa, spoku zilizokatika zikabadilishwa. Vijana wa shamba walimpandisha trekta mpaka kwenye zile nguzo mbili, maana awamu nyingine ya dawa ilikuwa wiki ijayo na kamba ilitakiwa iwe tayari.

"Lete nifunge," kijana mmoja alisema.

"Nafunga mwenyewe."

Alitoa mkasi, akakata ukanda wa mpira wa tairi, akaikaza kamba kwenye nguzo. Kisha akafunga kitambaa mizunguko mitatu, kama alivyofundishwa na marehemu kufunga mzigo wa mbali. Akakivuta. Akakivuta tena kwa uzito wake wote. Kilikaa.

Trekta ilimzungusha shamba mpaka barabarani, ng'ambo ya daraja lililovunjika, na kaka yake alimwona siku ya kumi na tano. Alimshika uso kwa viganja viwili, akamsogeza mpaka mwangani.

"Macho yako mekundu," alisema. "Umelia njiani?"

"Nimelia," Mama Fundi alisema. "Lakini nakuona vizuri."