Sumu ya Kuigiza

Jirani zangu wa Buzebazeba, nisikilizeni, maana jambo hili halikutokea mbali. Limetokea kwetu.

Kila alasiri nyumba ya Pazi, mchuuzi wa dagaa, ilikuwa na raha. Mkewe, Nasra, alikuwa akikaa barazani akimsuka Hadija, binti wa miaka saba ambaye Pazi alimzaa na marehemu mke wake wa kwanza. Huku akisuka, Nasra alikariri maneno ya mchezo, na mtoto alimjibu kwa sauti ya kizee. Walicheka mpaka nywele zikamponyoka Nasra mkononi.

Nasra alikuwa mwigizaji, na michezo ya kikundi chao cha maigizo, Mwanga, aliiandika mwenyewe. Alianzia kwenye jukwaa la shule, akaingia redioni, na mwaka jana wakarekodi filamu. Humo aliigiza mama wa kambo anayemtilia mtoto sumu kwenye uji. Aliandika kisa kile kuwatetea watoto wa kambo. Akaigiza vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Filamu ilizagaa kwenye simu. Sokoni wanawake wakaanza kunong'ona, "Mama Sumu huyo anapita." Nasra alicheka, akaona ni sifa. Lakini wifi yake, Fatu, hakucheka.

"Mtu haandiki asichokijua," alisema kila alipoketi na watu. Na maneno ya namna hiyo, ndugu zangu, hayakosi masikio.

Masika yalipoanza, kipindupindu kikaingia mtaani. Pazi alikuwa amekwenda kusini kwa boti kununua dagaa. Hadija akaamka anaharisha na kutapika. Nasra alichemsha maji, akayapoza, akakoroga pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Fatu akaingia na majirani.

"Unampa nini?"

"Dawa, wifi. Nisaidie kumshika, nimeshaita bodaboda tumpeleke hospitali."

Fatu alikinusa kikombe, akakimwaga uani. "Mtoto wa kaka yangu hanywi kitu cha mkono wako. Atakaa kwangu mpaka baba yake arudi."

Nasra alipiga magoti. "Basi mpe wewe. Mimi nisimguse. Mpe wewe, ila anywe."

Wakamchukua mtoto mpaka kwa Fatu, nyumba ya jirani, wakafunga mlango. Nasra alibaki nje akigonga na kulia. Watu wakajaa, na kijana mmoja akamrekodi kwa simu.

"Mtazameni, anaigiza," alisema, nao wakacheka.

Jioni Hadija alilegea, macho yakadidimia. Fatu akaingiwa na hofu, akambeba mwenyewe mpaka hospitali. Muuguzi, Honorata, alitafuta mshipa wa kumtundikia maji asiupate. Mtoto akakata roho mbele yake.

"Hamkumpa hata maji ya chumvi?" Honorata aliuliza.

Fatu alivua kanga, akamfunika mtoto.

Pazi alirudi akakuta kaburi. Dada yake alimweleza yote kwa kinywa chake. Pazi akamfuata Nasra, aliyekuwa amerudi kwa wazazi wake Ujiji, akamwomba arudi nyumbani.

"Wewe sikulaumu," Nasra alimwambia. "Lakini nitapitaje mbele ya mlango ule kila siku?"

Wilfred, kiongozi wa kikundi, naye alikwenda. "Dada, watu wanakutaka jukwaani."

"Nililia kweli mbele yao, wakasema naigiza," alijibu. "Sasa nikiigiza, nitawalilia nini?"

Hajaandika tena. Siku hizi anaanika dagaa ufukweni Kibirizi. Wanaofanya naye kazi wanasema hushinda kutwa hajafungua kinywa, mwanamke ambaye sauti yake ilijaza ukumbi.

FUNZO

Mwigizaji huvaa ubaya ili sisi tuutambue na kuukimbia. Akishauvua, tusimvike tena. Mtoto akiharisha, anyweshwe maji ya chumvi ya pakiti na apelekwe hospitali mara moja, tena tusiulize kwanza nani aliyeshika kijiko. Na uvumi, ndugu zangu, tuuogope kama ugonjwa. Nasra alimlea Hadija mbele ya macho ya mtaa mzima, akimsuka pale barazani. Watu waliyaona hayo kila siku, wakaja kuamini filamu.