Somo Alilolisahau Mhandisi

Jumamosi asubuhi uwanja wa mazoezi ya gofu ulikuwa umefurika. Watu wazima walikuwa wamejipanga mstari mrefu, kila mmoja na fimbo yake, wakirusha mipira kwenye majani ya mbali. Mhandisi wa barabara, dada mrefu aliyevaa sketi nyeupe na kofia ya buluu, alikuwa ameinua fimbo tayari kupiga, mara sauti ya mwanamume ikalipuka nyuma yake.

"Mwambie asukutue kwa maji ya chumvi! Ya chumvi, nimesema!"

Fimbo ikakwangua nyasi. Mpira ukajikokota kidogo ukalala. Dada akageuka, macho makali.

"Kaka, mtu akitaka kupiga, watu wananyamaza. Na simu inazimwa."

"Samahani sana, dada. Ni mgonjwa wangu. Mimi ni daktari wa meno." Alikuwa kijana mtanashati, fulana mpya ya kijani, lebo ya bei ikining'inia kwapani. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Naona. Hata fulana bado ni ya dukani."

Daktari akajitazama, akacheka mpaka akainama. Dada alitaka kubaki na hasira yake, lakini kicheko kile kilimshinda. Kabla jua halijawa kali, alikuwa anamwonyesha jinsi ya kushika fimbo, na vidole vyao vilikaa pamoja muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Wakapendana, tena hawakujificha. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, laazizi?"

"Niko juu ya lami ya moto na vibarua wangu, nile nini? Wewe umeng'oa mangapi?"

"Yote, isipokuwa yako. Yako nayahifadhi kwa ajili ya kunitabasamia."

"Nenda zako, tapeli wewe!"

Kizingiti kilikuwa kimoja tu: baba yake mhandisi, rubani mstaafu. Mzee huyu aliamini kwamba gofu humvua mtu nguo, tabia yake ikaonekana. Wachumba wawili walishakuja; mmoja alisogeza mpira kwa kiatu akidhani haonekani, mwingine alivunja fimbo kwa hasira, na wote mzee aliwakataa palepale kwenye nyasi. Sasa alikuwa amemwita daktari Jumapili. Binti yake hakutaka kumpoteza huyu wa tatu.

Basi akamnoa. Rafiki zake walimwita Refa, na hawakukosea.

"Ukitoka kwenye mtego wa mchanga?"

"Nasawazisha nyayo zangu kwa reki."

"Ukichimbua nyasi?"

"Narudisha kipande, nakikanyaga. Nikifika penye shimo sikanyagi njia ya mpira wa mwenzangu, wala kivuli changu hakimfuniki. Wa nyuma wakiwa wepesi kuliko sisi, nawapisha."

"Na kubwa kuliko yote?"

"Kimya! Jamani mpenzi, hilo hata usingizini nalijua."

Jumapili mzee alitangulia na rafiki yake, wapenzi wakafuata nyuma. Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Mzee alikuwa akigeuka mara kwa mara, anamwona kijana anasawazisha mchanga, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mpira wa mhandisi ukapotelea vichakani, akaingia kuutafuta. Daktari akangoja mpaka wazee wakawa mbali, mbali kuliko mpira wake ulivyowahi kufika, akapiga.

Siku hiyo mpira ukaamua kumheshimu. Ukaruka juu, ukakata kona, ukaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekuwa ameinama kupanga mpira wake. Ukampata pale anapokalia.

Yowe la mzee lilimtoa mhandisi vichakani mbio, na wachezaji wa jirani wakasogea kutazama. Akamkuta daktari amesimama, kiganja mdomoni.

"Uliuona ukienda?"

"Niliuona."

"Na ukanyamaza? Hukupiga kelele 'Foo!' watu wajikinge?"

"Kelele? Si uliniambia kimya ndiyo..."

"Usinisingizie! Baba yangu anapigwa, wewe umefunga mdomo kama sanamu? Mtoto mdogo angepiga kelele!"

Daktari akamtazama, akafumba mdomo kweli safari hii. Akamfuata mzee, akampa pole kwa unyenyekevu, akaondoka. Jioni alimpigia mhandisi. Simu ikaita mpaka ikakata. Kesho yake vilevile. Baadaye akaacha, na mhandisi, aliyekuwa hapokei, akaanza kuitazama simu kila dakika. Alimkumbuka mno, lakini kiburi kilimzuia kupiga.

Jioni moja baba yake alimwita sebuleni. Alikuwa amekalia mito miwili.

"Mwanangu, huyo kijana ulimfundisha wewe?"

"Mimi, baba. Kila kitu."

"Na kupiga kelele mpira ukienda kwa watu?"

Mhandisi akafungua mdomo kujibu. Akarudi nyuma kichwani, kwenye mchanga, nyasi, kivuli, simu. Akatafuta somo hilo, hakuliona. Uso ukamwaka moto.

"Nilisahau, baba."

"Nilidhani hivyo. Yeye hunipigia kila siku kunijulia hali. Nimemuuliza kwa nini alinyamaza, anasema kosa ni lake. Hajakutaja hata mara moja." Mzee akajigeuza kwenye mito kwa maumivu. "Mimi ndiye niliyepigwa, na nimeridhika naye. Wewe sijui unangoja nini."

Asubuhi mhandisi alifika kliniki na buti zake zenye vumbi na koti la kazi la rangi ya chungwa. Akapita mapokezi bila kuuliza, akasukuma mlango. Daktari alikuwa ameinama juu ya mama mmoja mnene aliyeachama mdomo chini ya taa.

"Dada, kuna mgonjwa..." daktari akaanza.

"Namwona. Shikamoo, mama, nisamehe. Daktari, nilikufundisha nusu, kisha nikakutukana kwa nusu niliyoiacha. Kosa ni langu. Nalisema mbele ya watu kwa sababu nilikutukana mbele ya watu."

Daktari akashusha barakoa taratibu. Macho yalikuwa yamelowa.

"Uliniumiza, mpenzi. Si yale maneno. Ni kule kutopokea simu."

"Najua. Sitarudia."

"Siku ile nilikuwa na pete mfukoni. Nilitaka kuongea na mzee, kisha nikuombe."

"Mzee ameshakubali. Niombe sasa."

"Hivi, na glavu?"

"Zivue!"

Mama mgonjwa, mdomo bado wazi, akampiga daktari kiwiko mbavuni. Daktari akavua glavu, akamshika mkono mwanamke yule mwenye vumbi la barabara.

"Utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Sasa maliza jino la mama wa watu, usimtese."

Akatoka, akaketi kwenye benchi katikati ya wagonjwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kumsubiri mtu, akamsubiri.