Hakuna Kilichogoma

Siku waliyokutana, foleni ya malori ya mpaka wa Tunduma ilifika hadi karibu na kijiji cha Mpemba, na steshenari ya Ikram ilijaa madereva wenye nyaraka za kuchapa. Kompyuta ikazimika. Virusi vya flashi za wateja vilikuwa vimeimaliza. Kelele zikaanza, Kiswahili huku, Kibemba kule, na Ikram na mtandio wake wa rangi ya embe akabaki ameshika kiuno.

"Dada, niitazame," alisema kijana aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Shati lake la bluu lilipigwa pasi ya kukatia nyanya.

"Wewe fundi au unataka kunimalizia wateja?"

"Fundi. Naitwa Twaibu. Wateja nitawamaliza baadaye."

Alimwekea mfumo mwingine wa kompyuta, Linux, na virusi vile vikakosa pa kushika. Printa ikasumbua, akaja. Programu ya barua ikakosekana, akaja tena. Ikram alitoka Kigoma kufuata biashara, Tunduma hakuwa na ndugu hata wa kusingizia. Chumbani kwake aliacha redio ikiimba kila atokapo ili akirudi akute sauti. Basi akabuni ujanja: akimtamani Twaibu, anafuta programu moja, halafu anapiga simu.

"Fundi wangu, imegoma tena."

"Imegoma nini, mrembo?"

"Mimi najua? Njoo uone mwenyewe."

Watu wananishangaza! Mtu mzima anaharibu chombo chake cha kazi kuliko kusema nimekukumbuka. Mficha uchi hazai, lakini nani angemwambia?

Kisha Twaibu akapata kazi ya kufunga kompyuta katika shule moja Kamsamba, huko chini kwenye joto na mtandao wa kubahatisha. Alipokuja kuaga, alivuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nimekuwekea njia mbili za kuongeza programu, uchague moja. Hii ni kama duka: picha, maelezo, unabonyeza kitufe inaingia. Hii nyingine inaitwa Synaptic, orodha ndefu, inakuonyesha kila kitu. Ukizoea moja, hutanihitaji tena."

Masikini, alidhani anatoa zawadi. Ikram alisikia kama mlango unafungwa.

"Yoyote."

"Chagua, mpenzi. Utakayeitumia ni wewe."

"Nimesema yoyote! Nenda, gari litakuacha."

Twaibu alimwachia lile duka la picha, akaondoka. Njia nzima alijiambia kwamba kumbe alipendwa kwa ajili ya kompyuta tu.

Wiki zikapita. Mteja mmoja akataka kuskaniwa vyeti na programu haikuwepo. Ikram akafungua lile duka la kwenye kompyuta, akatafuta, akabonyeza, akaandika neno la siri. Mstari wa kupakua ukajaa, ikakubali. Mteja alipoondoka, alikaa chini akalia. Sasa hata angefuta nini, angeweza kukirudisha mwenyewe, na kisingizio kilikuwa kimekwisha. Alishika simu, akaiweka. Alikula wali wake kwenye kaunta, peke yake, akiwatazama watu wanaovuka mpaka wawili wawili.

Ijumaa moja, wateja wengi wakiwa wameenda kuswali, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena na tena mpaka ikaita.

"Ikram? Imegoma nini?"

"Hakuna kilichogoma."

"Sasa?"

"Tangu zamani ilikuwa haigomi, Twaibu. Nilikuwa nafuta mwenyewe ili uje. Mimi mji huu sina mtu. Nimekukumbuka, basi."

Upepo ukavuma kwenye simu, laini ikakwaruza.

"Twaibu?"

"Nipo. Niko juu ya kichuguu nyuma ya shule, hapa ndipo mtandao unashika. Napanda kila siku kuomba hiyo kompyuta ikugomee."

Ikram akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa si uje?"

"Nije kama fundi, au nije na mjomba?"

Ikram aliitazama steshenari yake tupu, viti viwili vya plastiki na feni inayozunguka.

"Huyo mjomba wako," aliuliza, "anatumia chai ya rangi au ya maziwa?"