Sabuni ya Jumapili

"Kimeli, huyo mwanamke wako wa Kapsoit anaitwa nani?"

"Hakuna mwanamke, Mama Cheptoo."

"Kila Jumapili! Mimi nashika maiki kanisani, bwanangu yuko kwa pikipiki na sabuni ya kuoga mfukoni!"

Kimeli aliipiga pikipiki kiki, akaenda zake.

Sasa huyu mkewe Nelvine, jamani, Kiptere nzima ilimjua. Akiomba, hata wachuma chai wa ng'ambo ya bonde walimsikia. Siku hiyo aliacha ibada, akapanda bodaboda kumfuata mumewe, akaingia laivu Facebook.

"Watakatifu, shetani ameingilia ndoa yangu. Leo mtamwona kwa macho yenu!"

Watu mia tatu wakamiminika. "Amina mama!" "Mwaibishe!"

Huko Kapsoit, pikipiki ya Kimeli ilikuwa imeegeshwa kwa boma alimozaliwa Nelvine mwenyewe. Baba yake, Mzee Kipkosgei, aliishi pale peke yake, amepooza tangu Machi. Nelvine alikuwa amemwombea kwa spika mara nyingi. Kumtembelea, mara moja tu. Alipiga picha akaondoka.

"Kumbe mnajificha hadi kwa baba yangu!" alipayuka, akasukuma mlango, simu mbele.

Mzee alikuwa uchi ndani ya beseni. Kimeli alikuwa amemshika kwapani, akimsugua mgongo.

Mkwe kumwona baba mkwe uchi! Kwa Wakipsigis hilo ni aibu isiyosemeka, ndiyo maana Kimeli alinyamaza miezi yote hiyo. Sasa watu mia tatu walikuwa wakitazama.

"Zima simu!" Kimeli alifoka, akimfunika mzee kwa shati lake.

"Nelvine," mzee alisema kwa shida, "umenionyesha kwa nani?"

Nelvine alibonyezabonyeza simu. Alipofaulu kuzima, video ilikuwa tayari imesambaa hadi kwa magrupu ya WhatsApp.

Mzee hakula tena. Alhamisi akafa.

Siku ya mazishi mchungaji alimpa Nelvine maiki. Akairudisha. Jioni alimkuta Kimeli nyuma ya nyumba, akiosha lile beseni.

"Baba Cheptoo, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Kweli?"

"Kweli. Lakini mzee alikuwa akiniuliza kila Jumapili, 'Nelvine haji?' Nikamwambia uko kanisani unamwombea." Kimeli alimwaga maji. "Alikuwa anafurahi sana."