Dramu ya Kushoto

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Nikiona unywele mmoja kwenye ugali, basi nimeshashiba. Kwa hiyo haya yaliyompata mdogo wangu Tumainieli nayasimulia huku mate yananijaa mdomoni. Mkiniona natema, mnisamehe.

Tumaini ni fundi magari hapa Same, pembeni ya barabara kuu, nami nauza chai na maandazi mlangoni kwa gereji yake. Jumanne moja, saa mbili asubuhi, akaja Wilbard wa Mhezi na pikapu yake. Pikapu ya kuungaunga: kabini ya gari hili, chesisi ya gari lile, bodi ndefu aliyoichomelea marehemu baba yake ili ibebe magunia ya maharage na watu juu yake.

"Fundi, breki za nyuma niwekee za diski," alisema. "Hizi dramu zinachemka mlimani. Juzi nimeshuka na hendibreki, roho mkononi."

Kazi hiyo Tumaini anaiweza. Diski na kalipa za kuzibana alizitoa kwenye gari bovu nyuma ya gereji, akachomelea vishikio, akapima na kupima tena. Upande wa kulia ukaisha kabla ya chakula cha mchana. Alipoanza kugonga dramu ya kushoto, Wilbard akainuka, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Nikajiuliza, huyu naye vipi?

Dramu ilikataa kutoka. Tumaini akagonga, akatia mafuta, akagonga tena. Ikaachia ghafla, kwa mlio wa kufyonza. Halafu harufu. Jamani! Nyama iliyosahaulika kwenye sufuria siku nne, na juu yake jasho la mtu. Maji mazito ya kijivu yakamchuruzikia kwenye muundi wa kulia, palepale penye kovu lake la kuungua na ekzosi ya pikipiki. Kovu lile nalijua, nililipaka asali kwa mkono wangu. Lina umbo la jembe.

Ndani hakukuwa na vumbi la breki. Kwenye brekisheu, mahali pa lile gamba gumu linalosugua dramu, palikuwa na ngozi. Laini. Yenye vinyweleo. Yenye alama ya chanjo, ile ya begani. Tumaini akaibonyeza kwa bisibisi, ikatoka jasho.

"Dada," alinong'ona, "ina joto."

Nilitapika. Maandazi yote ya siku ile nikayamwaga.

Tumaini akaibandua, akaifukia nyuma ya gereji, akanawa kwa petroli, akamaliza kufunga diski. Wilbard akaondoka breki zikishika vizuri kabisa. Ingeishia hapo. Lakini mafundi wa kwetu hawatupi chuma. Kanisa la mtaani kwetu halikuwa na kengele, na kengele zetu ni rimu au dramu kuukuu iliyotundikwa mtini, inagongwa kwa nondo. Akaisugua dramu ile mpaka ikang'aa, Jumamosi akaipeleka. Mwinjilisti Sifael akaiombea.

Jumatatu Tumaini akaanza kujikuna muundi. Alhamisi ngozi ikawa inachubuka yenyewe, kama ya nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Hospitali walisafisha, wakafunga bandeji, na kila wakifungua kidonda kimezidi kupanda. Kilipofika karibu na goti, daktari akaanza kuzungumzia kukata. Mdogo wangu huyo! Watoto watatu, na kazi yenyewe ya kuchuchumaa.

Nikampigia simu Wilbard. Nilimtukana kwanza, ndipo nikamuuliza. Akanijibu kwa sauti ndogo.

"Dada Irine, breki zile aliyemfungia baba ni fundi wa Makanya, Kassimu. Baba hakubadili sheu miaka kumi na tisa. Kassimu alikufa mwaka uleule alipozifunga. Alianza kuchubuka begani."

"Na wewe ulijua!"

"Nilijua kuna kitu. Sikujua kwamba dramu ingetaka tena."

Kinyaa nilichomwonea Wilbard saa ile kilizidi kile cha ngozi. Alisimama ng'ambo ya barabara akamwangalia mtoto wa mwenzake akigonga!

Jumapili iliyofuata kengele ikagongwa, nami nikaisikia. Haikulia. Ilifanya bup, kama mtu anapiga paja la ng'ombe buchani. Nikasubiri watu waingie ibadani na wimbo wa kwanza uanze, nikaburuta benchi hadi chini ya mti. Nikapanda. Nikachungulia.

Ngozi. Mpya. Imeizunguka dramu yote kwa ndani. Na katikati yake, kovu la umbo la jembe.

Sikuwa na bisibisi. Nikaingiza vidole vyangu hivi. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa na utelezi. Nikavuta, nayo ikanivuta. Ikabanduka kwa mlio uleule wa kufyonza. Nikaimwagia mafuta ya taa nyuma ya choo cha kanisa, nikaichoma. Moshi wake siusemi, msije mkashindwa kula.

Wiki ileile mguu wa Tumaini ukakauka. Leo anachuchumaa, anagombana na nati zake kama zamani. Ila muundi hauna kovu, wala hauna unywele hata mmoja. Nilimwomba mwinjilisti aishushe dramu, akasema ni mali ya kanisa, tena siku hizi inasikika hadi ng'ambo ya reli. Kweli, ilikuwa inalia vizuri.

Jana nimekwenda kusajili laini ya simu. Dada wa pale akaniambia niweke kidole. Mashine ikakataa. Nikaweka kingine. Ikakataa.

"Mama, unafua sana nini?" akacheka.

Nikauinua mkono wa kulia kwenye mwanga. Vidole vyote vitano havina mistari. Ncha zake ni laini, kama yai lililomenywa.

Leo Jumapili kengele imegongwa asubuhi, watu wameingia ibadani.

Bup.

Nami kidole gumba kimeanza kuniwasha.